Siri ya kusahau yatafutwa katika seli zilizopuuzwa

Mzee anapoanza kusahau majina ya wajukuu wake, wengi husema ni uzee, na wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Huenda ikawa ni ugonjwa wa Alzheimer. Katika ugonjwa huo hupungua kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo seli za neva ubongoni huitumia kupelekeana ujumbe.

Kemikali hiyo ni kama ufunguo. Ujumbe haufiki mpaka ufunguo uingie katika kufuli yake, yaani kipokezi kilicho juu ya seli.

Kwa miaka mingi wataalamu walivitafuta vipokezi hivyo hasa kwenye neva. Lakini ubongo una pia seli za glia, jina lenye maana ya gundi, kwa kuwa zilidhaniwa kazi yake ni kushikilia neva tu. Uchunguzi wa panya umeonyesha kuwa seli hizo nazo zina vipokezi vya asetilikolini. Astrositi, zenye umbo la nyota, zinapopata ujumbe huo, kalsiamu huongezeka ndani yake nazo huweza kuathiri neva zilizo jirani. Maikroglia, walinzi wa ubongo, hupunguza kutoa kemikali zinazoleta uvimbe.

Je, binadamu ni sawa na panya? Wote ni mamalia, lakini hawalingani kwa kila jambo. Mwaka 2009, watafiti nchini Marekani walionyesha kuwa astrositi za binadamu ni pana zaidi ya mara mbili kuliko za panya. Mapema, mwaka 2003, uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki wakiwa na Alzheimer ulikuta aina moja ya vipokezi hivyo imeongezeka katika astrositi zao. Kwa hivyo, dawa iliyomfaa panya si lazima imfae mtu.

Baadhi ya dawa zilizopo, kama donepezil, huzuia asetilikolini isivunjwe upesi. Hupunguza dalili kwa muda, wala haziponyi.

Jihadhari pia na wanaosema sigara huchangamsha akili. Ni kweli nikotini huingia katika baadhi ya kufuli hizo, lakini uvutaji sigara huongeza hatari ya kupatwa na maradhi ya kusahau.

Mgonjwa apelekwe hospitalini mapema. Ukosefu wa vitamini B12, kasoro ya tezi ya shingoni na huzuni ya muda mrefu pia huleta usahaulifu, na hayo yana tiba.