Saa ya mzee wangu na zile dakika saba

Leo siongei juu ya muhogo wala kahawa. Naongea juu ya saa ya mkono.

Kuko siku moja nilifika kwa test ya kazi hapa Mahagi. Saa yangu ilionyesha 7h58. Mlango umefungwa. Sentinele akanitazama: "Mdogo, ni 8h05. Walisha kuanza." Dakika saba tu, kazi ikaenda kwa mwingine.

Ile saa ni Seiko 5, mzee wangu aliniachia. Haina batri. Njiani nilikuwa naitukana. Kisha nikajiuliza: mimi agronome, mvua napima kila asubui, juu ya nini saa siipimi?

Basi nikaipima. Siku kumi, kila jioni, radio ikianza habari ya saa kamili, naandika sekonde ngapi iko nyuma. Ikatoka: inachelewa karibu sekonde 20 kwa siku. Nikakumbuka nilikuwa niliirekebisha siku 21 mbele ya test. 20 mara 21 ni sekonde 420. Dakika saba kabisa!

Je, ile ni saa mbaya? Hapana. Siku moja ina sekonde 86.400. Kukosa 20 ni sawa kupima mfuko wa mahindi wa kilo 100 na kukosa gramu 23. Nani kati yetu anapima vile sokoni?

Ndani yake kuko resori inayotoa nguvu, na gurudumu dogo linalocheza huku na huku. Katika saa nyingi za aina hii linapiga mara 6 kwa sekonde, ni kusema mara 518.400 kwa siku. Kosa ndogo sana kwa kila pigo, mwisho wa siku inakuwa sekonde. Saa ikilala juu ya meza au ikisimama kwa ubavu, mwendo unabadilika. Resori ikikaribia kuisha, pia. Mafuta ikizeeka, pia. Na sumaku ya haut-parleur inaweza kushikanisha ile resori nyembamba ya gurudumu: hapo mara nyingi saa inakimbia sana.

Uswisi, shirika COSC linakubali saa kuwa "chronomètre" ikiwa wastani wake ni kati ya kuchelewa sekonde 4 na kukimbia sekonde 6 kwa siku. Kwa mashini 4R36, Seiko yenyewe inakubali kuchelewa hadi 35 na kukimbia hadi 45. Saa ya batri, ambayo jiwe lake la quartz linatetemeka mara 32.768 kwa sekonde, kwa kawaida inakosa karibu sekonde 15 kwa mwezi muzima.

Utasema: "Tumia telefone, basi." Sawa, lakini sisi tuko mpakani. Mara telefone inashika rezo ya Uganda, nayo inaruka saa moja mbele, kwani Uganda iko UTC+3, sisi UTC+2 (Kinshasa ni UTC+1). Telefone inajua sekonde vizuri, lakini inaweza kukudanganya saa nzima.

Sasa nafanya hivi: kila siku ya Mungu jioni naregleza saa na radio. Kwa juma moja haipiti dakika mbili na sekonde 20 nyuma. Usiku naiweka mbali na telefone. Na kama siku moja kosa inabadilika gafula, ndipo nitaipeleka kwa fundi.

Kosa inayorudia sawa kila siku, unaweza kuihesabu na kuitoa. Saa ya mzee haikunikosea kazi. Ni mimi niliivaa siku 21 bila kuiuliza.

Na yenu, mulisha kuipima?