Maharusi Wasitoroke Ukumbini

Kamati ya harusi hapa Dar es Salaam inaweza kukaa vikao miezi mitatu. Itabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya viti, idadi ya kreti, na shangazi yupi alishwe keki kwanza. Muulize mwenyekiti maharusi wataondokaje ukumbini, atakushangaa: "Si wataingia kwenye gari?"

Na kweli huishia hivyo. Saa sita usiku inakaribia, mlinzi ameshaanza kuzima taa za nje, MC sauti imemkauka, na wageni wengi walijiondokea zamani, mara tu baada ya kula. Bibi harusi ameshika gauni mkono huu na viatu mkono ule, anapishana mlangoni na vijana wanaobeba spika. Video ya harusi iliyochangiwa mamilioni inaishia hapo.

Dawa ya kwanza haina gharama: maharusi waagwe watu wangali wamejaa. Zawadi zikishatolewa na watu wakishakula, MC awainue wageni wote watoke nje, maharusi wasindikizwe, kisha wanaotaka kucheza warudi ndani. Muziki haumhitaji bibi harusi, na yeye kwa wakati huo miguu inamuwaka moto.

Huko nje wafanye nini? Waachieni kina mama. Wamevaa sare, na kila mmoja ana kanga kiunoni au kwenye mkoba. Wajipange mistari miwili kuanzia mlangoni hadi garini, washike kanga juu wawili wawili, maharusi wapite chini yake taratibu huku vigelegele vikipokezana. Wengine hupenda kuzitandika chini bibi harusi akanyage juu yake. Ni heshima kubwa, ila kwenye vigae zinateleza, hasa kwa mwenye viatu virefu. Familia yenye uwezo kidogo inaweza kununua kanga za jina moja lililochaguliwa na mama wa bwana harusi, kila aliyeshika akarudi nayo nyumbani. Itavaliwa miaka, wakati kadi ya mwaliko ilishatupwa.

Kuhusu matarumbeta, nina lawama. Tunayakodi yapige juu ya pikapu mchana tunapotoka kanisani au saluni, barabara nzima inasimama kutazama, halafu usiku tunawaaga maharusi kwa spika. Vijana wale ndio warithi wa beni, ngoma iliyochipuka pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za wakoloni, na beni ilikuwa mchezo wa kuandamana na kushindana, si wa kukaa kwenye kona ya ukumbi. Wazaramo nao wana mdundiko, ngoma inayotembea mtaa hadi mtaa huku watu wakijiunga nayo njiani. Waiteni waje mwishoni. Hata nusu saa yao inatosha, mradi mkubaliane mapema na mwenye ukumbi na mjumbe wa mtaa.

Kurusha mchele sikushauri. Ile hadithi kwamba ndege akila mchele mbichi hupasuka tumbo ni uzushi; waulizeni wakulima wa Mbarali kama kwelea kwelea wamewahi kupasuka. Ubaya wake ni kwamba punje kwenye sakafu humwangusha bibi harusi, na wazee wengi hawapendi kuona chakula kikikanyagwa. Zanzibar na Mombasa kuna kitu bora: asmini na mawaridi yaliyochambuliwa, yamechanganywa na rehani, kisha shangazi mmoja anapita na mrashi akiwanyunyizia marashi maharusi na waliosimama karibu. Harufu ile hairekodiwi na kamera yoyote, na asubuhi mfagiaji hana kazi kubwa. Karatasi za kung'aa ni mateso kwake. Maputo ya kurushwa angani nayo yaacheni. Yakitua baharini kasa huyameza.

Fataki za mkononi zinapendeza pichani, lakini cheche zake huzidi nyuzi joto 1,000, na shela nyingi ni za nailoni. Mkizitaka, watoto wasishike, ndoo ya mchanga iwe karibu, na maharusi wapite mbali kidogo. Taa za simu mia mbili zikiwashwa kwa pamoja zinatosha.

Usafiri nao unachezewa. Lamu watu wa mjini hupita kwa punda na mashua, basi dau lililopambwa taa ni jambo la kawaida tu. Dar kodini daladala, kibao cha njia kiandikwe majina ya maharusi, konda aite abiria wa "Fungate" mpaka watu wavunjike mbavu. Mwenye gari ahakikishe tu ana kibali cha kutoka nje ya njia yake. Bajaji iliyofungwa maua nayo inapendeza, ingawa gauni lenye mkia mrefu litawasumbua.

Kitu kimoja kipigwe marufuku na kamati: mpiga video kukaa kwenye buti lililo wazi, miguu ikining'inia, huku msafara ukikimbizana na taa za dharura zikiwaka. Picha hiyo ipigwe gari likiwa limesimama.

Kwa hiyo ninyi mnaokutana wiki hii kwa kikao cha mwisho, ongezeni mstari mmoja kwenye bajeti, na namba za dereva na za mwenye matarumbeta mkabidhini mtu ambaye siku hiyo atakunywa soda.