Silinda Iliyolika: Kipimo Kabla ya Uamuzi

Kusini mwa Kisiwa cha Mombasa, mtaa wa Ganjoni unapakana na Liwatoni, penye bandari ya uvuvi inayotazama maji ya Kilindini, na katika ufuo wa namna hiyo hakuna chombo cha mashine kisichofikiwa, mapema au baadaye, na swali la silinda na pistoni zilizolika: zirudishwe kazini au zibadilishwe? Mashine nyingi za boti za wavuvi ni za mapigo mawili, yaani humaliza kazi zote za injini, kuvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, kuubana, kuuchoma na kutoa moshi, katika mzunguko mmoja tu wa krankshafti, na kwa kuwa hazina oili inayokaa chini ya injini kama gari, hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli yenyewe. Mara nyingi swali hilo hujibiwa kwa macho, na hapo ndipo penye hatari, kwani macho huweza kuitupa silinda nzima na kuisamehe iliyokwisha.

Yamaha Enduro ya nguvu-farasi 40, mashine inayofahamika sana Afrika Mashariki, ina silinda mbili zenye kipenyo cha milimita 80 kila moja, na pistoni yake husafiri milimita 70 kwenda na milimita 70 kurudi. Inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, kila pistoni hukimbia mita 700 katika dakika hiyo, sawa na kilomita 42 kwa saa, ikisugua ukuta ule ule, huku kinachoitenga nao kikiwa ni utando mwembamba wa oili. Pistoni ni ya aluminiamu, ilhali ukuta ni slivu, yaani bomba la chuma cha kusubu lililopachikwa ndani ya bloku, na metali hizo mbili hazitanuki kwa kiasi kimoja: joto likipanda kwa nyuzi 100, pistoni ya milimita 80 huongezeka takriban milimita 0.18, na slivu takriban nusu ya hiyo. Ndiyo sababu huachwa nafasi baina yao injini ikiwa baridi, nafasi yenye upana unaokaribiana na unene wa unywele. Ikipungua, pistoni hukamata. Ikizidi, pistoni huyumba, mbano hupotea na sketi yake, yaani sehemu ya chini inayoielekeza, huanza kupasuka.

Michirizi inayotisha ukutani si lazima iwe jeraha la chuma. Pistoni inapokamata, aluminiamu yake laini huyeyuka na kujipaka juu ya slivu, na utando huo ukiondolewa kwa uangalifu huenda chuma kilicho chini yake kikakutwa salama. Kwa hiyo silinda husafishwa kwanza, kisha hupimwa. Mchirizi unaokwamisha ukucha baada ya kusafishwa ni habari nyingine.

Kipimo bora ni geji ya ndani ya silinda, lakini fundi asiyekuwa nayo ana msaada mkubwa katika ringi mpya, yaani pete ya chuma inayovishwa pistoni. Ringi huingizwa silindani na kusukumwa kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawasawa, kisha nafasi iliyo kati ya ncha zake hupimwa kwa vibao vyembamba vya chuma, mara moja sehemu isiyofikiwa na msuguano na mara ya pili sehemu iliyolika zaidi. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, hivyo tofauti ya nafasi hizo mbili, ikigawanywa kwa 3.14, hutoa ongezeko la kipenyo: nafasi ikitoka milimita 0.40 hadi 0.71, silinda imepanuka milimita 0.10, kiasi ambacho ni kikubwa kwa mashine ya aina hii. Njia hii ina upungufu mmoja usiopasa kusahauliwa, kwamba ringi haionyeshi kama silinda imekuwa na umbo la yai, na mara nyingi huwa hivyo, kwa sababu konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krankshafti, inapolala upande huisukuma pistoni kwenye ukuta mmoja kuliko mwingine.

Pistoni yenyewe hupimwa karibu na ukingo wa chini wa sketi, kwa mkato wa pembe mraba na pini, kwani haikuundwa kuwa duara kamili. Iliyowahi kukamata haifai kurudishwa hata ikisuguliwa ikang'aa. Bei ya pistoni mpya ni ndogo mno ikilinganishwa na maisha ya watu walio nje ya mwamba wakati wa kusi.

Kabla ya kununua chochote, sababu ya uharibifu hutafutwa. Kichwa cha pistoni kilichodonolewa vishimo huashiria mlipuko usio na mpangilio, ambao huletwa, miongoni mwa mengine, na petroli iliyotiwa mafuta ya taa, udanganyifu ulioifanya Serikali ya Kenya mwaka 2018 kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Sketi iliyochubuka pande zote huelekeza kwenye joto, na hapo hukaguliwa raba ya pampu ya maji, ambayo huliwa na mchanga wa maji mafupi, pamoja na mifereji ya bloku inayozibwa na chumvi.

Slivu ya chuma iliyolika huweza kuchongwa upya na kupewa pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Pistoni mpya hununuliwa na kupimwa kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata. Kingo za matundu ya hewa na moshi hulainishwa ili zisikate ringi, na silinda huoshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kitoke bila weusi, kwani unga wa jiwe la kusugulia ukibaki ndani utazila ringi mpya, kisha hupakwa oili papo hapo kabla hewa ya chumvi haijaotesha kutu.