Ushuru Uliolinda Kura za Silao

Aprili 2021, wafanyakazi wa kiwanda cha General Motors mjini Silao, Mexico, walikuwa wakipiga kura kuamua kama waukubali mkataba wa hali bora uliosainiwa na chama chao cha siku nyingi. Baadhi ya kura ziliharibiwa, na Wizara ya Kazi ikasimamisha zoezi. Zamani mambo yangeishia hapo, kwani vyama vingi nchini humo vilikuwa vikisaini na mwajiri mikataba ambayo wanachama hawakuwahi hata kuiona.

Lakini tangu Julai 1, 2020 mkataba mpya wa biashara wa Marekani, Mexico na Kanada unaruhusu kiwanda kimoja kulalamikiwa, na shauri kwenda haraka. Mei 12 Marekani ikaomba uchunguzi. Silao hutengeneza pikapu, na adhabu ingeweza kuwa kunyimwa nafuu ya mkataba: wakati huo pikapu iliyoikosa ilitozwa ushuru wa asilimia 25 mpakani mwa Marekani. Hakuna mhasibu anayepuuza tarakimu hiyo. Agosti kura zikarudiwa chini ya waangalizi, na mkataba wa zamani ukakataliwa. Februari 2022 chama kipya, SINTTIA, kikashinda kwa kishindo kura ya kuwawakilisha wafanyakazi. Mei kikapata nyongeza ya mishahara ya asilimia 8.5.

Guatemala, chini ya mkataba mwingine wa biashara na Marekani, haikuwa hivyo. Malalamiko ya vyama vya wafanyakazi yalipelekwa mwaka 2008, uamuzi ukatoka 2017. Jopo la usuluhishi lilikiri kwamba serikali haikuwalazimisha waajiri kadhaa kutii amri za mahakama kuhusu wafanyakazi waliofukuzwa, ila likasema haikuthibitika kuwa hilo liliathiri biashara kwa kiwango kilichotakiwa. Miaka tisa, na aliyefukuzwa kazi hakuambulia kitu.

Sisi tuko wapi? Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya, ulioanza kutumika Julai 1, 2024, una vifungu vya kazi vinavyofunga kisheria. Hata hivyo mgogoro ni wa serikali kwa serikali, na mchuma maua wa Naivasha anabaki nje ya mlango. Naamini Kenya inapaswa kuomba utaratibu wa kiwanda kimoja kimoja, lakini isinakili kasoro ya ule wa Mexico: kiwanda cha Marekani hakiguswi mpaka kiwe tayari chini ya amri ya bodi ya kazi ya huko. Shamba la Naivasha likichunguzwa, na mashamba ya Ulaya yanayoiuzia Kenya yachunguzwe kwa kifungu hichohicho.