Je, Wajua? Robo ya Pishi Imo Jikoni

Je, wajua kwamba mtoto mdogo anaweza kuielewa robo kabla hajaiona ubaoni? Mpe kibaba apime mchele. Katika vipimo vya zamani vya pwani, vibaba 2 ni kisaga, na visaga 2 ni pishi. Basi kibaba ni robo ya pishi, na mtoto ameishika mkononi. Kama nyumbani hakuna kibaba, kikombe na jagi linalojaa kwa vikombe 4 vinatosha.

Sayansi nayo imo kwenye hamira. Hamira ni kuvu hai: hula sukari na kutoa hewa ya kaboni dioksidi, nayo ndiyo inayoumua unga wa maandazi. Changanya kijiko cha hamira na sukari kidogo katika bakuli la maji ya uvuguvugu, kisha kiasi kilekile katika maji yanayochemka (haya ayamimine mtu mzima). Baada ya dakika 10 hivi, bakuli la kwanza litafanya povu. La pili litatulia tu, kwa kuwa joto limeiua hamira. Lakini mwache mtoto abashiri kwanza, ndipo aangalie. Kwangu mimi, kubashiri huko kunashinda ukurasa mzima wa maelezo.

Na jiografia? Dar es Salaam maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na nyuzi 94, ndiyo maana maharagwe yaleyale huchelewa kuiva huko.