Kulala Nje ya Lango: Hesabu ya Hema kutoka Ogembo hadi Hifadhi ya Nairobi

Mkutano wa wazazi ulikwama kwa swali la mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Nauli walikuwa wameikubali, chakula wamekikubali, hata barua ya ruhusa walikuwa tayari kuitia sahihi. Mzee akasimama akauliza, "Mwalimu, hao watoto watalala wapi?"

Nikajibu haraka kwamba watalala kwenye hema. "Hema nimesikia," akasema. "Hema litasimama kwa nani?"

Hilo ndilo swali lenyewe, na miaka hii ambayo nimekuwa nikipeleka maskauti na jamaa zangu Nairobi imenifundisha kwamba wengi wetu huku Ogembo, Gucha, hulijibu tukiwa tumeshafika mjini, jua limezama na mizigo iko mabegani. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza kutangazwa nchini, mnamo Desemba 1946, ina kilomita za mraba 117 zilizobanana na jiji. Tangu mwanzo imekuwa mahali pa kuingia asubuhi na kutoka jioni. Ukisikia majina kama Kingfisher, Mokoyeti, au pale serikali ilipochoma pembe za ndovu mwaka 1989 na tena 2016, hayo ni maeneo ya mandari: mnakula, mnapiga picha, mnaondoka. Mgeni mwenye pesa nyingi anaweza kulala kwenye hema la kifahari lenye kitanda na mhudumu. Mtoto wa Ogembo mwenye blanketi la nyumbani hulala nje ya lango, na huko nje bei hazifanani hata kidogo.

Nianze na kiingilio, kwa kuwa hakikwepeki popote utakapolala. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa shilingi 430 na mtoto 215. Viwango vipya vya 2025 viliweka 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto. Baba, mama na watoto wawili waliokuwa wakiingia kwa 1,290 sasa wanahitaji 3,000. Kwa kundi langu la watoto 24 na walimu watatu, 6,450 imekuwa 15,000. Shule inayokwenda kwa masomo huomba bei ya wanafunzi, ila barua ya mwalimu mkuu ipelekwe kwa shirika la wanyamapori, KWS, mapema, wiki kadhaa kabla, si kuibeba mkononi hadi dirishani. Malipo yote ni kwa eCitizen, mtandao wa serikali, na noti hazipokelewi. Lipa usiku wa kuamkia safari, ukiwa umetulia na simu ina chaji. Nimemwona mzazi akihangaika langoni na simu iliyozimika huku watoto wake wakitazama magari ya wengine yakipita.

Sasa hema. Upande wa Lang'ata na Karen kuna kambi za watu binafsi ambazo wasafiri wanaovuka Afrika kwa magari yao wamezitumia kwa miaka. Jungle Junction na Wildebeest ndizo zinazotajwa sana. Utapata nyasi zilizokatwa, maji ya moto, jiko, mlinzi, na mahali pa kuchajia simu. Kambi niliyolala mimi na familia upande huo ilitutoza 1,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, hema likiwa letu. Mwenye kukodi hema lililokwisha simamishwa, lenye kitanda na shuka, alilipa zaidi ya mara tatu. Uzuri wake ni kwamba lango kuu la Barabara ya Lang'ata liko karibu; alfajiri huchukui hata nusu saa. Kwa watu wanne ni bei inayovumilika. Kwa watu 27 ni mzigo, na si kosa la wenye kambi, maana wao wamejipangia wageni wa namna nyingine.

Kwa kundi la watoto, jibu langu ni Rowallan, kambi ya Chama cha Skauti karibu na Jamhuri, kwenye msitu wa Barabara ya Ngong. Si lazima wote wawe maskauti, lakini ni lazima kuandika barua na kupata nafasi mapema, hasa likizo za Aprili na Agosti. Mara ya mwisho tulipolala pale, ada kwa kichwa haikufika theluthi ya ile ya Lang'ata. Unapata uwanja, miti, choo, maji na mahali pa kuwasha moto. Hupati mpishi wala godoro. Sufuria, kamba, tochi na dawa ya mafua ni juu yako. Mtoto aliyezoea kulala chumba kimoja na ndugu zake wanne atalala vizuri pale; anayehitaji kutunzwa sana ni mwalimu.

Kuna pia viwanja na mashamba ng'ambo ya Mto Mbagathi, upande wa Rongai na Tuala, kusini mwa hifadhi ambako hakuna ua na wanyama huvuka kwenda na kurudi kwenye malisho ya Kapiti. Ukiwa huko unatazama hifadhi ukiwa umeketi, na usiku fisi unamsikia bila kuambiwa. Mimi ningependa kulala huko kuliko kwingine kote. Lakini kwa msafiri asiye na gari sikushauri: matatu za 125 na 126 zinakushusha Rongai mjini, kutoka hapo ni bodaboda, na asubuhi Barabara ya Magadi hujaa magari ya wafanyakazi kabla jua halijachomoza. Umelala jirani na simba, kisha unafika langoni saa tatu, simba kaingia kivulini.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wasilinganishe hema kwa hema, walinganishe asubuhi. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili, na saa mbili za kwanza ndizo zenye wanyama wanaotembea. Aliyelala gesti ya bei rahisi River Road ameokoa mia tano, lakini anavuka jiji zima kwa matatu mbili, na hizo saa mbili hazirudi. Kutoka Rowallan tuliamsha watoto saa kumi, chai ikanywewa gizani, basi likang'oa saa kumi na moja na robo. Saa kumi na mbili na dakika ishirini tulikuwa ndani, na watoto waliona kifaru mweusi amesimama kwenye nyasi zenye umande, nyuma yake majengo ya jiji. Mvulana mmoja alinishika mkono asiuachie. Hakusema neno hadi basi lilipoondoka.

Hapa sasa ndipo pesa zinapojificha. Hifadhi hii haitembelewi kwa miguu. Shule iliyokuja na basi lake imemaliza: basi hilo hilo linaingia, mnalilipia kulingana na viti. Familia iliyoshuka kwenye basi la Kisii haina gari. Hebu tuhesabu ya watu wanne, kwa bei nilizolipa mimi. Ogembo hadi Kisii, kisha Kisii hadi Nairobi kupitia Bomet, Narok na Mai Mahiu, ni kama 1,500 kwa kila kiti. Kwenda na kurudi, viti vinne, 12,000, na usijaribu Desemba maana nauli hupanda bila huruma. Usiku mbili za kambi ya Lang'ata, 6,000. Kiingilio, 3,000. Gari la kukodi lenye paa la kufunguka, nusu siku, 9,000. Jumla ni 30,000 kabla hujanunua mkate. Hema, lile tunalobishania sana, ni sehemu moja tu ya tano.

Ukikosa hema kabisa ukachukua vyumba, unaongeza elfu tatu nne hivi. Ukipata familia nyingine kambini ya kushirikiana gari, unaokoa 4,500 kwa mkupuo. Basi jioni ya kwanza, badala ya kujifungia hemani, zunguka na sufuria yako ya chai ukawasalimu majirani. Anayekwenda hifadhini kesho atajulikana kwa maongezi. Pia uliza langoni kama basi la KWS linazungusha wageni siku hiyo, kwani likiwapo ndilo nafuu kuliko yote.

Na patana na dereva kwa maneno kamili. Mwaka mmoja dereva tuliyemkodi alisema elfu tisa, tukapeana mkono. Langoni akageuka: elfu tisa ni ya gari na mafuta, kiingilio cha gari na chake mwenyewe ni juu yetu. Mke wangu alikuwa na pesa za matunda, zikaenda hizo. Tangu siku hiyo namwandikia dereva ujumbe wa simu: bei hii ni pamoja na mafuta, kiingilio cha gari, kiingilio cha dereva, kutoka saa fulani hadi saa fulani. Akijibu "sawa", nimemaliza.

Watu wa kwetu huniuliza mbona nisiwapeleke Ruma, karibu na nyumbani. Swali ni la haki kabisa. Hifadhi ya Ruma, katika Bonde la Lambwe kaunti ya Homa Bay, ina uwanja wa kambi ndani yake, na ndiyo makao ya mwisho ya swala aitwaye korongo katika Kenya nzima. Ukitoka Ogembo asubuhi kwa kupitia Kisii na Rongo, mchana uko huko, hujalipa nauli ya Nairobi wala kulala njiani. Hema lako linasimama mle mle, na nyati anaweza kupita usiku ukisikia anavyong'oa majani. Mwenye gari, hata Probox ya shemeji, ningemwambia aende Ruma bila kufikiri mara mbili wakati wa kiangazi. Mvua zikianza, udongo mweusi wa Lambwe hunasa magurudumu hadi trekta ije. Maji, chakula na kuni za kununuliwa beba kutoka nje, kwa kuwa hakuna duka. Na kuna mbung'o, hivyo nguo za buluu iliyoiva na nyeusi ziacheni nyumbani. Rangi hizo ndizo wanazozifuata. Sare ya shule yetu ni buluu. Nilishona mashati ya kaki kwa ajili ya safari hiyo, na gharama ya kitambaa iliingia kwenye hesabu kama nyingine yoyote.

Asiye na gari akienda Ruma atakodi Homa Bay, na akijumlisha atakuta tofauti na Nairobi imepungua sana. Hapo anachochagua ni kitu gani anataka mtoto akione. Ni usiku wa porini? Ruma. Ni simba, kifaru, na reli mpya inayopita juu ya hifadhi kwenye nguzo ndefu, mtoto aelewe jinsi jiji linavyowasogelea wanyama? Nairobi, na ulale nje. Kisumu Impala siitii kwenye hesabu hii. Ni pazuri kwa siku moja, kando ya ziwa, lakini ni padogo, na safari ya mahema inastahili zaidi ya hapo.

Kuna jambo moja linaloniuma. Kando ya mji wa Tucson, Marekani, kuna Hifadhi ya Saguaro ambayo haina uwanja wa kambi unaofikika kwa gari. Watu hulala Gilbert Ray, uwanja wa kaunti, jirani kabisa na hifadhi, kwa bei iliyoandikwa ambayo kila mtu anaijua kabla hajatoka kwake. Sisi tuna kaunti ya Nairobi upande mmoja na Kajiado upande wa pili, na hifadhi katikati. Uwanja wa umma wenye bomba, choo, ua na mlinzi, karibu na lango, wa mia tatu kwa mtoto, ungefungulia hifadhi hii shule za Ogembo, za Nyamira, za Kilgoris. Leo hii anayetoka mbali zaidi ndiye anayelipa zaidi kuiona hifadhi ambayo ni yake sawa na wa Lang'ata. Mwakilishi wadi yeyote anayesoma haya, naomba alichukue kama ombi rasmi.

Kuhusu vyombo, nitasema machache. Hema la maduka makubwa limetengenezwa kwa jua. Mvua ya kwetu Gusii italijaribu kabla hujaondoka. Lisimamishe uani siku tatu, saa tisa mvua ikishuka ingia ndani ukapapase mishono kwa kiganja, hasa pale sakafu inapokutana na ukuta. Panapolowa paka nta ya mshumaa kwa nje, isugue hadi ipotee machoni. Tulifanya hivyo kwa mahema sita, mawili tukayarudisha dukani. Julai Nairobi ina baridi inayoingia kupitia chini, si juu, kwa hiyo magunia makavu chini ya mkeka yanasaidia kuliko blanketi la pili. Chakula toka nacho nyumbani. Mkungu wa ndizi wa Ogembo sokoni kwetu haufiki nusu ya bei ya Nairobi, na ndizi za kuchemsha na maharagwe ziliwashibisha watu 27 jioni ya kwanza bila mtu kulalamika.

Nilimwendea yule mzee nyumbani kwake wiki iliyofuata, nikamwonyesha barua ya Rowallan yenye muhuri. Aliisoma pole pole, akaikunja, akanirudishia. Kisha akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na turubai kubwa la kuanikia mahindi, limekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani.

"Hili litandikwe chini ya watoto wote," akasema, "na lirudi."