Majilio: Majuma Manne ya Kutengeneza Njia

 

Jumapili ya kwanza ya Majilio, katika makanisa yetu ya Kianglikana, utaona meza ya Bwana imetandikwa kitambaa cha zambarau. Watoto huuliza, "Mbona ni rangi ya Kwaresima?" Wameuliza vema. Majilio nayo ni majira ya toba. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtakatifu Andrea, 30 Novemba, kwa hiyo haitangulii tarehe 27 Novemba wala haipiti 3 Desemba. Jumapili zake ni nne.

Hakuna amri ya Majilio katika Biblia. Ni utaratibu uliowekwa na Kanisa, tena wa zamani sana. Katika karne ya 5, katika nchi iitwayo leo Ufaransa, Askofu Perpetuus wa Tours aliagiza watu wafunge siku tatu kila juma, tangu sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, hata Krismasi. Sisi siku hizo twazitumia kwa mambo mengine! Kwaya inafanya mazoezi, nauli za mabasi zinapanda, watoto wamefunga shule, na kila mtu anahesabu fedha za kwenda nyumbani. Simlaumu anayenunua mchele na nguo za watoto. Sikukuu ni karamu. Lakini je, hayo ndiyo matayarisho yote?

Ukifungua Kitabu cha Sala cha zamani, kile cha mwaka 1662, tafuta Injili ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Hutakuta hori la ng'ombe wala wachungaji. Utakuta Mathayo 21: Bwana anaingia Yerusalemu, anakwenda hekaluni, anapindua meza za wabadili fedha. Mfalme amefika kwake, na jambo la kwanza analofanya ni kukagua nyumba. Ndiyo maana Majilio hutazama pande mbili, kuja kwake Bethlehemu katika unyenyekevu, na kuja kwake siku ya mwisho kuhukumu walio hai na wafu.

Basi tufanye nini? Swali hilo makutano walimwuliza Yohana Mbatizaji, nasi twalisoma katika Luka 3. Majibu yake hayakuwa ya mbinguni sana. Mwenye nguo mbili agawane na asiye na nguo. Mtoza ushuru asidai zaidi ya kiwango. Askari wasiwaonee watu, waridhike na mshahara wao. Yohana aligusa mfuko wa kila mtu, na kila mmoja kwa kazi yake. Leo angemwuliza mama mwenye nyumba, "Yule msichana anayekulelea watoto, umemlipa mshahara wa miezi iliyopita kabla hajapanda gari kwenda kwao?"

Kisha angetufuata huko nyumbani tuendako. Katika mitaa yetu mingi wako ndugu wawili, wa tumbo moja, wasioamkiana kwa sababu ya mpaka wa shamba aliloliacha baba. Krismasi wote wawili hutoka mjini. Huyu huketi mbele kanisani, yule huketi nyuma karibu na mlango. Mama yao huketi katikati, naye ajua wazi kwa nini hawakuketi pamoja. Halafu wote wawili huinuka kwenda kupokea Ushirika Mtakatifu.

Kitabu hicho hicho cha Sala kina agizo ambalo sisi wachungaji twaliogopa: mchungaji akiona uadui na chuki kati ya watu, asiwakubali mezani mpaka wapatane. Tena chaongeza neno la haki kabisa. Kama mmoja yuko tayari kusamehe kwa moyo na kurekebisha alilokosa, na mwingine amekataa katakata, yule aliye tayari apokelewe, mkaidi akataliwe.

Sasa fikiri. Mambo ya mpaka hayamalizwi asubuhi ya Krismasi kati ya wimbo na wimbo. Yataka kupiga simu kwanza, pengine mara mbili, maana ya kwanza haitapokelewa. Yataka wazee waitwe, na siku ya kukutana shambani ipangwe. Yataka majuma. Kanisa limetupa manne. Hata sikukuu ya Jamhuri, 12 Desemba, huangukia katikati ya Majilio, na wengi hawaendi kazini siku hiyo. Mbona mtu asiitumie kwenda kumwona ndugu yake?

Nanyi mlio kitandani hospitalini, au mliofiwa mwaka huu, msidhani Majilio yamewapita kwa kuwa hamna nguvu za kutengeneza lolote. Jumapili ya tatu, katika kitabu hicho, Injili ni Mathayo 11. Yohana yule mkali sasa yumo gerezani, naye anatuma wanafunzi wake wamwulize Yesu kama kweli ndiye aliyengojewa. Yesu hakumkemea kwa kuuliza. Aliwatuma warudi wamweleze waliyoyaona na kuyasikia, kisha akamsifu Yohana mbele ya watu wote.